Kinga ya grainda irudishwe mahali pake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nizungumzie jambo moja la karakana zetu za hapa Tanga, ambalo linawahusu wenye karakana, wauza vifaa vya ujenzi na wateja, kabla hata ya kuwahusu vijana wanaoshika mashine. Mimi ni fundi wa vyuma. Nimetengeneza mageti, madirisha na vitanda hapa Makorora kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na katika muda huo nimeiona kazi yetu ikihama kutoka kwenye msumeno wa mkono na tupa hadi kwenye grainda (mashine ya mkononi ya kukatia na kusawazishia chuma), drili na misumeno ya umeme. Mashine hizo sizipingi hata kidogo, kwa maana bomba la mraba la nchi mbili, ambalo zamani lilitutoa jasho, leo hukatwa kabla mtu hajamaliza kuitikia salamu. Ninachokipinga ni mazoea tuliyoyajenga ya kuzivua mashine hizo kinga zake, kisha kumkabidhi kijana azitumie.

Pita asubuhi ya siku yoyote ya kazi katika barabara za Ngamiani, au upande wa Mabawa na Mikanjuni, usimame mbele ya karakana ya mageti, kisha uitazame mashine badala ya kumtazama fundi. Mara nyingi utakuta grainda haina kile kifuniko cha bati chenye umbo la nusu duara, kinachokaa kati ya jiwe na mtu. (Mafundi huita jiwe hata kile kisahani chembamba cha kukatia, nami nitafuata lugha yao.) Kifuniko hicho wengine hukiita gadi; mimi nitakiita kinga, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Kilikuwamo ndani ya boksi siku mashine iliponunuliwa. Hakikupotea wala hakikuvunjika. Kiliondolewa na mwenye mashine mwenyewe, aghalabu kabla wiki ya kwanza haijaisha.

Wasio mafundi wakiiona hali hiyo husema ni uzembe, na wanaokuja kutuhutubia husema vivyo hivyo. Jibu hilo halitoshi, na ndiyo maana mawaidha yote tuliyopewa hayajairudisha hata kinga moja. Sababu yenyewe ni hesabu. Grainda ndogo tunayoitumia sana imetengenezwa kubeba jiwe la nchi nne na nusu, yaani milimita 115. Ukiondoa sehemu ya katikati inayobanwa na nati, pamoja na kichwa cha mashine, jiwe hilo huingia ndani ya chuma kwa kina cha sentimita tatu au zaidi kidogo tu, wakati bomba la nchi mbili lina upana wa sentimita tano. Fundi analazimika kulikata upande mmoja, kuligeuza, kulikata upande wa pili na kuhakikisha kwamba mikato hiyo miwili imekutana, hali mteja amesimama mlangoni akiuliza geti lake. Jiwe la nchi saba hulimaliza bomba hilo kwa mkupuo mmoja, ila haliwezi kukaa ndani ya kinga ya mashine ndogo. Basi kinga hutolewa. Mwingine ana grainda kubwa ya nchi tisa, na mawe yake yakilika hadi kubaki na upana wa nchi saba huona ni hasara kuyatupa, akayahamishia kwenye mashine ndogo ili yatumike hadi mwisho.

Hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu tundu la katikati la jiwe la nchi nne na nusu, la nchi saba na la nchi tisa ni lile lile, la milimita 22 na ushei. Mawe yote huingia, nati hukaza, mashine huzunguka, na macho hayaoni kosa. Kosa limeandikwa kwenye karatasi ya jiwe lenyewe, kwa tarakimu ambazo wengi wetu hatukufundishwa kuzisoma. Jiwe la nchi tisa huandikwa kikomo cha mizunguko takriban 6,600 kwa dakika. La nchi saba 8,500. La nchi nne na nusu huvuka 13,000. Tarakimu zinatofautiana lakini asili yake ni moja, kwamba ukingo wa jiwe usipite mwendo wa mita 80 kwa sekunde, ambao ni kilomita 288 kwa saa. Sasa soma kibati kilichobandikwa kwenye grainda ndogo, utakuta imeandikwa mizunguko 11,000 kwa dakika au karibu na hapo. Kwa jiwe lake halali haina neno. Kwa jiwe lenye upana wa nchi saba, ukingo unafikia karibu mita 104 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 370 kwa saa, mwendo unaozidi mara nne ule wa kilomita 80 unaoruhusiwa kwa basi liendalo Dar es Salaam. Tena nguvu inayotaka kulirarua jiwe haiongezeki sawasawa na mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Kutoka mizunguko 8,500 hadi 11,000, nguvu hiyo huongezeka kwa theluthi mbili.

Siyaandiki haya kwa kuyasoma tu. Miaka miwili iliyopita, kijana niliyekuwa namfundisha kazi alikuwa akikata bomba la geti katika karakana yangu, kwa grainda yangu, ambayo kinga yake niliitoa mimi kwa mikono yangu. Alikuwa amefunga jiwe la nchi tisa lililolika, kama alivyokuwa ameniona mimi nikifanya. Bomba liliegemezwa kwenye matofali mawili, moja kila ncha, hivyo lilipokaribia kukatika lilibonyea katikati, mkato ukafumba, ukalibana jiwe. Jiwe likavunjika. Kipande kimoja kilitoboa bati la paa, kingine kikampiga kijana juu ya shavu la kushoto. Mshindo wenyewe haukuwa mkubwa. Ninachokikumbuka zaidi ni mashine iliyoanguka chini ikaendelea kunguruma, na mimi nikihangaika kuitafuta plagi. Jicho lake la kushoto halikuokolewa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Mama yake, ambaye anauza samaki, alikuja karakana siku ya tatu akitokea hospitali kwa mwanawe. Hakunigombeza. Aliiokota ile mashine, akaigeuzageuza, akaniuliza, “Fundi, hii mliinunua ikiwa hivi hivi?” Nikamjibu, “Hapana, mama. Ilikuwa na kifuniko.” Akauliza kiko wapi. Kilikuwa ndani ya ndoo ya vyuma chakavu chini ya meza, hatua nne kutoka mahali mwanawe alipokuwa amesimama. Nilikitoa nikampa, akakipachika mwenyewe penye shingo ya mashine, kikakaa barabara. Tangu siku hiyo sijaweza kumsikiliza mtu anayesema kwamba vijana wa siku hizi ni wazembe.

Nimelifikiri sana swali la mama yule. Kinga huenda isingezuia jiwe kubanwa, lakini ingevipokea vipande vilivyokuja upande wa mtu; na kabla ya hapo, jiwe lile lisingefungika kabisa. Hilo ndilo ningependa kila mwenye karakana alielewe. Kinga ni kipimo kilichowekwa na aliyeitengeneza mashine, na jiwe lisiloingia ndani yake si la mashine hiyo. Kijana asiyejua kusoma mizunguko, hata asiyejua kusoma kabisa, atazuiwa na kile kibati kufunga jiwe la kumuua. Sisi tunapokitoa tunamwondolea mwalimu ambaye yuko naye saa zote, hata pale tunapokwenda kumpimia mteja dirisha.

Jiwe lenyewe nalo lina mambo yake. Ni chembe ngumu zilizoshikizwa kwa gundi ya resini, na ndani yake mna wavu wa nyuzi za kioo. Gundi hiyo huchakaa, hasa ikikaa kwenye unyevu, nasi tunaishi katika mji ambao misumari hupata kutu ikiwa ndani ya karatasi yake. Ndiyo sababu kwenye pete ya chuma iliyo katikati ya jiwe hugongwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka mitatu tangu lilipotengenezwa. Mawe yawekwe ndani, mahali pakavu, yakiwa yamelala bapa, na lililoanguka sakafuni au kuonyesha ufa lisifungwe tena. Likifungwa jipya, mashine iachwe izunguke bure kwa nusu dakika, jiwe likiwa limeelekezwa mahali pasipo na mtu, kwa maana jiwe bovu mara nyingi hujidhihirisha hapo. Jiwe jembamba la kukatia lisitumiwe kusawazishia kwa ubavu wake. Unene wake ni milimita moja hadi tatu, haliwezi kuhimili kusukumwa kwa pembeni. Bomba lishikwe imara upande mmoja, na upande unaokatwa uachwe uning'inie, ili mkato ufunguke kadiri jiwe linavyoingia. Na ule mkono wa pembeni wa mashine, ambao nao hutupwa pamoja na boksi, urudishwe. Grainda inayoshikwa kwa mkono mmoja ikikwama humgeukia aliyeishika.

Naomba wenzangu wa useremala wasidhani kwamba barua hii haiwahusu. Nimeona mara kadhaa grainda ikifungwa kisahani chenye meno cha kukatia mbao, na fundi akichonga nacho mitiki ya Muheza kana kwamba ameshika tezo. Kisahani kile ni cha msumeno wa duara, ambao una kitako kipana cha kutulia juu ya ubao, kinga ya chini inayojifunga yenyewe kwa springi, na mizunguko ambayo kwa kawaida ni takriban 5,000 kwa dakika. Grainda haina kitako, na inazunguka mara mbili ya hapo. Meno yakikamata fundo la ubao, mashine humrukia mtu kabla hajakaza mkono, ikampata mapajani, tumboni au shingoni. Wapo pia wanaoifunga kwa waya ile kinga ya chini ya msumeno wa duara, au kuiwekea kabari isirudi, eti inachelewesha kazi. Msumeno huo ukiwekwa chini meno yakiwa wazi na bado yanazunguka, hutembea wenyewe sakafuni.

Kuhusu mavazi nitasema machache. Miwani ya jua si miwani ya kazi, kwa sababu kioo chake kikipigwa huongeza vipande vya kuingia jichoni. Kinachotakiwa ni miwani ya plastiki ngumu inayofunika hadi pembeni, na kwa anayekata chuma, ngao ya uso mzima juu ya miwani hiyo. Glavu za ngozi zinamfaa anayekata kwa grainda, lakini anayetoboa kwa drili ya mezani azivue, kwa maana keekee ikikamata uzi wa glavu au ukingo wa shati huuvuta mkono mzima. Chembe ikishaingia na kukwama jichoni isifikichwe, wala isichokolewe kwa ncha ya leso kama tulivyozoea kufanyiana. Jicho lifunikwe bila kukandamizwa na mtu apelekwe hospitali. Masikio nayo yanahitaji kuzibwa, na mafundi wengi wa rika langu, ambao leo tunazungumza kwa kupaza sauti hata tukiwa msikitini, ni ushahidi wa kutosha.

Kuna hatari nyingine ambayo ni ya kwetu zaidi kuliko ya vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine. Umeme hukatika. Unapokatika katikati ya kazi, jiwe husimama, fundi huiweka mashine mezani akaenda kunywa chai, na swichi yake, ambayo ni ya kusukuma ikajifunga, imebaki imewashwa. Umeme ukirudi, mashine isiyoshikwa na mtu huanza kwa nguvu zote, huruka mezani na kukimbia sakafuni hadi mwisho wa waya wake. Dawa ya jambo hili haina gharama: umeme ukikatika, swichi ya mashine izimwe na plagi ichomolewe, kabla mtu hajatoka nje kuuliza kama ni mtaa mzima au ni luku iliyokwisha. Zipo grainda ambazo swichi yake hubonyezwa wakati wote wa kazi, na ukiiachia inazima, na zipo zenye kifaa kinachozuia mashine isijiwashe umeme unaporudi. Anayenunua mpya aziulizie hizo kwanza. Plagi ichomolewe pia kila jiwe linapobadilishwa. Mashine za betri, ambazo nazo zimeingia madukani, zinaondoa shida ya waya, ila jiwe lake hukata nyama sawasawa na la mashine ya waya, na betri nayo itolewe kabla ya kugusa nati.

Waya nao unataka maneno yake. Mwezi uliopita nilikuwa pwani ya Sahare, nikamwona fundi wa mashua akipiga randa ya umeme ubavuni mwa chombo, pekupeku juu ya mchanga uliolowa. Ekstensheni ilitoka nyumba ya jirani, imeungwa mahali pawili kwa mfuko wa nailoni uliosokotwa. Kwenye soketi hapakuwa na plagi. Ncha mbili za waya zilichomekwa zikakazwa kwa vijiti vya kibiriti, na kijiti cha tatu kiliingizwa kwenye tundu la juu, lile la ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja), ili matundu ya chini yafunguke. Namheshimu fundi yule, ambaye mashua zake zinakwenda bahari kuu na kurudi. Nilipomweleza aliniambia kwamba sakiti breka ipo, itakata. Wengi wanaamini hivyo, na imani hiyo ndiyo inayoua.

Umeme wa majumbani mwetu ni volti 230. Mtu aliyelowa, ambaye miguu yake iko mchangani, mwili wake unaweza kupitisha mkondo wa zaidi ya ampea 0.1, na kiasi hicho kinatosha kuuvuruga moyo usipige tena sawasawa. Sakiti breka ya ampea 20 haiwezi kuutambua mkondo huo, kwa kuwa kwake ni kama balbu ya wati 23 iliyowashwa. Iliwekwa ili waya usiungue, na kazi hiyo inaifanya. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, kiitwacho RCD, kinacholinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, kikaukata umeme ndani ya sehemu ndogo ya sekunde pindi tofauti inapofika miliampea 30. Hufungwa penye maini swichi na fundi umeme mwenye leseni, na kipo hata cha kuchomeka kwenye soketi kwa ajili ya kazi za nje. Mwenye karakana aliye na fedha za kitu kimoja tu mwaka huu anunue hicho kabla ya kununua drili ya pili.

Waya wa ethi nao umeleta kutoelewana ambako ni vyema nikuondoe. Grainda na drili nyingi za mkononi zina alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake zimehamiwa mara mbili ndani, na waya wake una nyuzi mbili tu bila ethi, nalo si kosa. Mashine isiyo na alama hiyo, hasa zenye mwili wa chuma kama msumeno wa mezani, drili ya kusimama na mashine ya kulehemu, lazima iwe na ethi iliyofika ardhini kweli, na si waya wa kijani uliokatwa na kukunjiwa ndani ya plagi. Ekstensheni nayo iwe ya unene unaostahili. Grainda ya nchi tisa yenye wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, na waya wa milimita za mraba 0.75, ambao umetengenezwa kwa ajili ya vitu kama redio na feni, umepimwa kwa ampea 6. Utapata moto, na mpira wake utalainika. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa karakana ya kawaida, 2.5 ukiwa mrefu, na ukunjuliwe wote, kwa sababu ule unaobaki umezungushwa kwenye gurudumu lake huhifadhi joto.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali unaojulikana kwa jina la OSHA, imeuweka wajibu wa usalama mikononi mwa mwajiri, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 ili anayeumia kazini apate fidia kutokana na michango ya waajiri. Karakana nyingi za mtaani, yangu ikiwamo wakati ule, hazikuwa zimejiandikisha popote. Kijana alipoumia hapakuwa na pa kudai ila mfukoni mwangu, na mfuko wangu haukutosha. Leo nimejiandikisha, na nawasihi wenzangu wafanye hivyo kabla ya siku yao, maana baada ya ajali hakuna fomu inayorudi nyuma.

Kwa wateja nina ombi fupi: unapoleta kazi ya geti siku ya Jumatano na kuitaka Ijumaa, na fundi akakwambia Jumatatu, usiihamishe kazi hiyo kwa jirani anayekubali Ijumaa, kwa sababu mara nyingi siku hizo tatu huzipata kwa kukata kwa jiwe kubwa lisilo na kinga. Kwa walimu wa vyuo vya ufundi, VETA wakiwa wa kwanza, naomba kusoma tarakimu za mizunguko kufundishwe kabla ya kushika swichi, na kozi fupi za jioni zifikiriwe kwa ajili ya sisi tuliojifunza kazi kibarazani.

Ombi langu kubwa ni kwa wenye maduka ya vifaa. Nilipotaka kuzirudishia kinga mashine zangu mbili za zamani, ambazo zilikuwa zimekaa bila kinga kwa miaka, nilizunguka maduka ya Ngamiani siku nzima. Kila duka lilikuwa na mawe ya kila kipimo, nati, makaa ya mota na swichi za kubadilishia, lakini hapakuwa na kinga hata moja inayouzwa peke yake, na ikabidi ninunue mashine mpya. Muuzaji mmoja, mtu mwungwana, aliniambia kwamba tangu afungue duka hajawahi kuulizwa kitu hicho. Kwa hiyo namwomba kila mwenye karakana wa Tanga ambaye mashine yake iko wazi aingie dukani wiki hii, aulize kinga ya grainda yake kwa jina la mashine na kwa kipimo cha jiwe, hata kama anajua kwamba haipo, ili muuzaji aiandike kwenye orodha ya mzigo wake ujao.

Fundi wa vyuma,
Makorora, Tanga